Mashine Kwanza, Salamu Baadaye

Watu wa karakana ya miguu ya bandia walishamzoea Mzee Disketi. Akiingia hasalimii mtu. Hupita moja kwa moja hadi pembeni, huwasha mashine ya kuchonga kalibu za plasta za kufinyangia vikombe vya miguu, husubiri taa ya kijani, ndipo hugeuka na kuuliza habari za nyumbani. Jina la Disketi walimpa kwa sababu hagusi kompyuta yoyote kabla ya kutengeneza disketi ya kuiwashia, mambo yasije yakaenda mrama. Hiyo tabia ya kutosalimia walisema ni uzee tu.

Siku hiyo aliitwa kwa sababu kompyuta inayoongoza mashine, kongwe ya skrini nyeusi na maandishi meupe, ilikuwa imegoma. Walikuwa wameiongezea kifaa kipya cha kupimia vigutu, na programu ya kifaa hicho ikala kumbukumbu mpaka programu ya kuchonga ikakosa pa kukaa. Kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani, dada mkubwa wa Mzee Disketi alikuwa akisubiri. Kikombe cha mguu wake wa zamani, pale kigutu kinapoingia, kilikuwa kimemchubua kigutu hadi kidonda, na daktari alishasema wazi: kikombe kipya kikikosewa tena, watamkata juu ya goti.

"Si uzihamishie tu juu hizo programu ndogo?" mwenye karakana akamuuliza. "Kuna kile kiprogramu kinachopanga kila kitu chenyewe."

"Kipo," Mzee Disketi akasema. "Kinajiona kinajua sana."

Kumbukumbu ya kompyuta zile ni kama kabati. Programu kubwa hukaa rafu za chini. Rafu ya juu ni finyu na ina wenyewe, yaani kadi za skrini na za vifaa, vile vibao vinavyochomekwa ndani ya kompyuta. Ukiweka kitu penye nafasi, sawa. Ukikiweka juu ya kadi, vitagombana kimyakimya. Na kadi ya mashine ya kuchonga ina vituko vyake: mashine ikiwa imezimwa, kadi haijibu, na mahali pake huonekana patupu.

Hapo ndipo palipomuuma. Miaka minane iliyopita alikiachia kile kiprogramu kazi yote, mashine ikiwa imezimwa. Kikaona patupu, kikaiweka hapo programu ya kipanya. Kalibu ikachongwa, kikombe kikatoka kimepinda milimita nne, na lawama ikaangukia vipimo. Alipogundua, dada yake alishakivaa wiki nzima. Akarekebisha kompyuta, akanyamaza, akijiambia kitazoeleka. Hakikuzoeleka.

Leo alikwenda taratibu. Disketi kwanza, na nakala ya mafaili mawili ya kuwashia. Akazitazama anwani za kadi huku mashine ikinguruma, akaandika mstari wa kukataza eneo la D000 hadi D7FF, makao ya kadi ya mashine, lisiguswe. Akapandisha programu moja, akawasha upya akiidhinisha mstari mmoja mmoja, akachonga kipande cha plasta na kukipima. Kisha programu ya pili, na kipande kingine. Mwenye karakana alipiga miayo mpaka akaacha. Mchana ndipo kalibu yenyewe ilipotoka. Aliipima mara tatu, na haikupungua wala kuzidi hata kidogo.

Akakaa kwenye benchi, kando ya dada yake.

"Dada, ule mguu wa zamani, vipimo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu."

Dada hakuinua macho. "Najua. Siku ile nilikaa papa hapa, nikakuona ukibonyezabonyeza kompyuta huku mashine imezimwa. Sikujua maana yake. Lakini tangu hapo kila nikija kutengenezewa mkanda wa mguu, ukiingia unakimbilia kuiwasha, mimi unanipita kama gogo. Miaka minane, mdogo wangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungeniambia ni vipimo."

Ni kweli, angemwambia hivyo. Aibu ilimshika hadi hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwenye karakana alijifanya anatafuta kitu kabatini.

"Shikamoo, dada," Mzee Disketi akasema.

Dada alimwacha angoje, na akangoja.

"Marahaba," akaitika mwishowe. "Sasa izime hiyo mashine, inatupigia kelele."