Majani Niliyoyapanga Sekenke

Nilisafiri kwa sababu ya kidoti chekundu.

Kazi yangu ni kuangalia malori kwenye kompyuta. Kampuni yetu ni ndogo, ofisi yake iko Ipagala, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila lori letu ni kidoti kwenye ramani. Likitembea, kidoti ni cha kijani. Likisimama kinakuwa chekundu, nami napiga simu: "Mbona umesimama?" Hakuna chuo kilichonifundisha kazi hii. Nilijifunza mwenyewe kwa simu ya mkononi, na labda ndiyo maana naogopa sana kukosea. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha kama nimefunga, kisha kurudi tena kuhakikisha kama kweli nilihakikisha.

Kidoti cha Mzee Issa kilikuwa chekundu kuliko vyote. Mzee Issa ni Mrangi wa Kondoa, dereva wetu wa miaka mingi, na kazi yake ni kupeleka mashudu ya alizeti Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Kila safari alikuwa akisimamasimama njiani, na kila nilipompigia alijibu, "Nipo, mwanangu, nipo," kana kwamba nimepiga kumjulia hali. Mwishowe Mama Furaha, mwenye kampuni, akachoka.

"Neema, panda naye," aliniambia. "Kaone kwa macho yako anasimamia nini. Ukirudi nataka neno moja tu. Abaki njiani, au nimlete mjini abebe mchanga."

Kumpa dereva wa masafa marefu kazi ya kubeba mchanga mjini ni sawa na kumchukua mpishi wa harusi ukamwambia achemshe maji ya chai. Nililijua hilo. Sikulala vizuri.

Asubuhi ya kuondoka nilifika na begi nililolipanga, nikalipangua, nikalipanga upya. Utingo alikuwa amepewa likizo ili mimi nipate kiti chake. Mzee Issa alikuwa anagonga matairi kwa nyundo, moja baada ya jingine, ameinamisha sikio.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima."

Nikaanza kukana. Akacheka. "Usijali. Ila kaa vizuri, mizani isichoke kabla ya mzigo."

Tulipoiacha Dodoma na kuingia Bahi, mashamba ya mpunga yalikuwa yamekauka na ng'ombe walitembea humo kama wanaotafuta kitu walichodondosha. Nilikuwa nimeahidi nafsi yangu kutosema neno, nitazame tu. Ahadi hiyo ilivunjika Manyoni, aliposimama kunywa supu ya mbuzi.

"Hapa tumesimamia nini, Mzee?"

"Supu."

"Supu tu?"

"Na habari." Akamgeukia mama muuzaji. "Dada, huko mbele wanasemaje?"

"Mlimani kuna upepo, na mashudu yako yananukia," mama akajibu. "Mbuzi wangu wawili wameshakwenda kuyasalimia."

Nilipogeuka, kweli, mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wanalamba turubai. Nilikimbia kuwafukuza. Nyuma yangu nilisikia Mzee akimwambia yule mama, "Huyo ni ofisi. Ofisi yenyewe imekuja." Lazima niseme ukweli: supu ile ilichukua muda mrefu kuliko supu yoyote inavyohitaji kuchukua, na Mzee Issa aliongea na kila aliyekaa kwenye benchi, pamoja na mtu aliyekuwa anapita tu.

Singida tulilala gesti, kila mtu chumba chake, na kesho yake mchana tukakaribia Sekenke, pale barabara inapoanza kushuka kwa kona kwenda Shelui. Madereva wanauheshimu mlima ule. Kabla hatujaanza kushuka, chini ya lori kitu kikapiga kelele ya kupumua, breki zikakamata zenyewe, na lori likasimama palepale kwenye njia yake, mara tu baada ya kona.

"Mpira wa upepo wa breki umepasuka," alisema. "Ashukuriwe Mungu, haukungoja tukiwa mteremkoni. Mwanangu, leo wewe ndiye utingo. Weka ile pembetatu nyekundu, halafu kata matawi, uyamwage nyuma yetu barabarani, uanzie mbali kule kabla ya kona. Anayekuja ayaone kabla hajatuona." Akaingia chini ya lori na panga akanipa mimi.

Kila msafiri wa nchi hii ameyaona majani hayo. Ukiyakuta barabarani unapunguza mwendo, kwa sababu mbele kuna mwenzako amekwama. Mimi pia nilijua. Shida ni kwamba sijui kumwaga kitu. Niliyatazama matawi yangu yakiwa yametupwa juu ya lami, moja huku, moja kule, nikaona aibu. Tena gari likipita lingeyakanyaga yote. Nikayaokota. Nikayakata yalingane urefu, nikachagua yenye majani mabichi, nikayachomeka wima pembeni ya lami, upande huu na upande ule, kwa nafasi sawa. Nilirudi nyuma kutazama. Yalipendeza. Nilisimama pale kwenye kona kuwapungia wanaokuja, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Ipagala.

Lori la kwanza lilipunguza mwendo, likatoka kabisa nje ya barabara, likazima injini. Nikajua majani yamefanya kazi. La pili likafuata, la tatu pia. Basi la abiria likaegesha nyuma yao, na nikamwona dereva wake akifunga vifungo vya shati hadi shingoni. Abiria wakashuka, wakajipanga pembeni. Dereva wa lori la kwanza, mtu mnene aliyejitambulisha kuwa Masanja wa Mwanza, akanijia kwa adabu.

"Dada, anapita saa ngapi?"

"Nani?"

"Kiongozi."

"Kiongozi gani?"

Akanyoosha mkono kwenye matawi yangu. "Si mmepamba?"

Nilihisi damu yote imenipanda masikioni. Kabla sijajibu, bodaboda ilifika mbio ikiwa imembeba mzee aliyevaa koti la suti juu na mabuti ya shambani chini. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha pale.

"Nani anahusika hapa?" aliuliza, na watu wote wakanitazama mimi. "Binti, msafara unapita kwenye eneo langu na mimi sina taarifa? Wananchi wanauliza, nasema nini? Ningesimama wapi? Ningemsalimia vipi na mabuti haya?"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Hakuna msafara. Ni mpira wa upepo."

"Mpira wa nini?"

Mzee Issa akatokea kwenye kona, uso mweusi kwa grisi, spana mkononi. Aliyatazama matawi. Aliitazama foleni ya magari, abiria waliojipanga, na koti la mwenyekiti. Kisha akainua mkono juu, taratibu, akawapungia.

"Asanteni sana wananchi," alisema. "Kiongozi ni mimi. Sina hotuba, nina shida ya breki."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Masanja alijipiga mapaja. "Nimezima injini! Nimefunga mkanda na gari limesimama! Huyu dada ni afisa itifaki!" Mwenyekiti alijaribu kununa, akashindwa. Mimi nilitamani kupotelea porini.

Lakini katika magari yale yote yaliyosimama, Masanja alikuwa na mpira wa upepo wa akiba. Alimkabidhi Mzee Issa. Mzee alipouliza atamrudishiaje, alisema, "Siku nikikwama na wewe unapita." Wakaingia chini ya lori pamoja, na haikuwa kazi ndefu.

Simu yangu ilikuwa inaonyesha kidoti chetu, chekundu kama pilipili. "Mzee, twende," nilisema injini ilipowaka. Akatikisa kichwa, akashuka, akaanza kung'oa matawi yangu. "Majani ukiyaacha yanawadanganya watu," alisema. "Leo watasimama, na mtu hayupo. Kesho hawatasimama, na mtu yupo." Tulitoa yote. Nikaokota hata majani madogo yaliyopukutika, mpaka akasema, "Hilo liache, mwanangu. Hilo lilidondoka lenyewe kwenye mti wake."

Igunga, Nzega, Kahama, kisha misitu ya Nyakanazi, na vilima vya Ngara: njia nzima nililia kimoyomoyo juu ya Sekenke, na njia nzima ilishayajua yaliyotokea. Kumbe Masanja ana marafiki wengi na simu. Pale tulipolala Kahama, mhudumu wa gesti aliniuliza kama chumba kimepangwa kwa kiwango changu. Na tulipofika Rusumo, mahali ambapo mto Kagera unaanguka kwa kelele chini ya daraja na malori yanakaa foleni huku madereva wakipika ugali pembeni ya matairi, wakala wa forodha alitupokea akiwa ameshika kijitawi kimoja.

"Karibu, Afisa Itifaki," alisema akiinama. "Utusamehe. Hatujapamba."

Nilicheka. Sikutegemea kucheka, lakini nilicheka mpaka machozi, na baadaye nikala ugali na dagaa pamoja nao nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Nilitazama malori ya ng'ambo yakianza kutembea upande wa kulia wa barabara, na kwa jinsi nilivyo nilipata wasiwasi kwa niaba yao. Mzigo ulipokelewa bila tatizo, tena kabla ya muda tuliopewa.

Siku za kurudi, Mzee Issa alibadilika. Hakusimama hovyo. Chai alikunywa mbiombio. Akipigiwa honi na wenzake alijibu kwa honi na kupita. Kidoti chetu kilikuwa cha kijani kuliko nilivyowahi kukiona, nami nikadhani nitafurahi.

Tulipoipita Ikungi, jua likiwa bado kali, niliona majani. Yalikuwa yamemwagwa ovyo kabisa, yamekanyagwa, mengine yamenyauka. Mbele lori la bluu lilikuwa limeinama upande mmoja, na mtu amekaa kivulini mwake. Gari dogo mbele yetu lilipunguza mwendo, likapita. Mzee Issa naye akapunguza. Kisha akabadili gia, akaongeza mwendo.

"Mzee, kuna mtu."

"Nimemwona."

"Hatusimami?"

Hakunitazama. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Kidoti kitakuwaje, mwanangu?"

Nimelitafakari swali lile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hakuliuliza kwa kejeli. Aliliuliza kama mtu anayetaka kubaki na kazi yake. Ni mimi niliyemfundisha kuuliza hivyo, kwa simu zangu.

"Simama, Mzee," nikasema. Kwa mara moja maishani sikuhakikisha kwanza.

Akasimama. Yule mtu aliitwa Deo, na lori lake la bluu ni la kampuni ambayo Mama Furaha hapendi hata kuisikia, kwa sababu inatunyang'anya mizigo kila msimu wa alizeti. Tairi lilikuwa limepasuka, na jeki yake ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Mzee alishusha ya kwetu. Walikuwa katikati ya kazi simu yangu ilipoita.

"Neema, mbona mmesimama?" Swali langu mwenyewe, kwa sauti ya Mama Furaha.

"Tunamsaidia mtu, Mama. Amekwama."

"Mtu gani?"

"Wa malori ya bluu."

"Ya bluu?"

"Ya bluu."

Nilimsikia akivuta pumzi ndefu. "Yaani nyinyi," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mmempa maji?"

Tulikuwa tumempa. Deo alipoondoka, nikayatoa majani yake barabarani, na Mzee akaegemea bampa akinitazama.

Dodoma tulifika jioni. Mama Furaha alikuwa ananisubiri ofisini, na Mzee Issa alibaki nje, anagonga matairi ambayo hayakuhitaji kugongwa.

"Neno moja," Mama akasema.

Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu njia nzima: supu, mbuzi, mlima, mpira wa upepo. Yote yakaniponyoka. "Njiani," nikasema.

"Na kule kusimamasimama?"

"Kwingine ni kazi. Manyoni ni supu."

"Basi mwambie ile supu ainywe akiwa amesimama," alisema, akafungua dirisha. "Issa! Acha kugonga hayo matairi. Alhamisi unapakia."

Bado naangalia vidoti, na kikiwa chekundu bado moyo unashtuka, sitadanganya. Lakini sianzi tena na swali la zamani. Wiki iliyopita cha Mzee Issa kilisimama karibu na Sekenke, nikapiga.

"Mzee, uko salama? Majani umeweka?"

"Nimeweka, Afisa Itifaki."

"Umeyapanga vizuri?"

"Hapana," alisema, nikamsikia mtu mwingine akicheka karibu naye. "Nimeyamwaga."