Kidonge Nilichokiosha Mwenyewe

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi hapa ugenini, mtaa wa Mayfair, mwanangu Salma, wewe ukiwa na miezi saba, nilipogonga mlango wa jirani yetu Bi Mwajuma nikiwa na kichefuchefu. Kwetu Burundi mama hamwambii bintiye haya. Ni kazi ya somo, kungwi anayemfunda mwari. Lakini somo wako yuko Bujumbura, harusi yako ni mwezi ujao, na juzi nimekiona kile kiboksi kwenye mkoba wako. Vumilia, aibu nitaibeba mimi.

Kukuzaa wewe nilipasuliwa. Daktari akanikataza kushika mimba nyingine kabla ya mwaka na nusu, kovu lipone. Baba yako hakutaka kondomu, nami niliogopa sindano kwa maneno ya wanawake wa saluni, kwamba inakausha kizazi. Nikanunua vidonge vya kuweka ukeni, kama hivyo vya kiboksi chako, vya kuua mbegu za kiume. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu. Nikajifanya nimesoma.

Bi Mwajuma alikuwa mkunga kutoka Kigoma, mkali wa ulimi, mwepesi wa huruma. Nilipomweleza habari ya vidonge na kichefuchefu, alijua mara moja kuwa nina mimba.

"Kidonge ulikuwa unakiweka muda gani kabla?"

"Papo hapo, bibi."

"Na kuoga?"

"Tukimaliza tu naamka, najisafisha na maji ya moto mpaka ndani, kama nilivyofundwa. Si kuna janaba?"

"Astaghfirullah! Josho la janaba ni la nje, nani kakutuma kuchimba ndani? Dawa haijafanya kazi, umeshaimwaga! Ukuta wetu mmoja, nimezalisha miaka thelathini, ukashindwa kuniuliza? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha, na mimba umepata."

Nilicheka, kisha nikalia. Alinipeleka hospitali siku hiyo hiyo, na huko walinihudumia vizuri, sina lawama. Lakini mimba ilipofika mwezi wa saba kovu lilifumuka. Mdogo wako alitoka hapumui, na kizazi changu kikatolewa ili nibaki hai. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini huna wa kucheza naye, nami nikikujibu kwamba Mungu hajapenda. Nilimsingizia Mungu, mwanangu, na iliniuma kila mara.

Juzi nilipokugusia habari ya kiboksi ukanijibu, "Eish Mama, hizo ni za zamani, sasa ni 2018." Mwaka umebadilika, lakini mwili ni ule ule.

Basi nisikilize. Dawa hiyo peke yake ni dhaifu. Huwekwa ndani kabisa, ukangoja robo saa hivi iyeyuke, na saa moja isipite kabla ya tendo. Baadaye usijioshe ndani kwa saa sita. Nje oga utakavyo. Na kwa kweli ndani hakuhitaji kuoshwa siku yoyote, hata kama somo atanuna. Hata wanaofuata yote hayo, wako wengi wanaoshika mimba, kwa hiyo iende pamoja na kondomu. UKIMWI haizuii. Tena ukiitumia mara kwa mara inaweza kuchubua ndani, na ugonjwa ukapata njia. Mkapime wote wawili kabla ya ndoa.

Kliniki wana sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi, na hawakutozi. Mimi niliziogopa kwa porojo za saluni. Wewe waulize wanaojua. Unajua Kizulu na Kiingereza, huna kisingizio nilichokuwa nacho mimi. Kuuliza si ujinga. Na huyo mchumba wako umwambie mapema njia utakayochagua, kabla ya ndoa, asije akakuachia mzigo wa watu wawili.

Kesho nitakusindikiza kliniki. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, wewe utaingia peke yako, maana mwili ni wako. Mungu akujaalie watoto kwa wakati uliojiandaa, uwapokee wakilia kwa nguvu, na nyumba yako ijae ndugu wanaogombana. Amina.