Niliyemwamini Awafikishe Nyumbani

Mimi ni mzaliwa wa Mbulu, lakini riziki yangu ya ushonaji naipatia Arusha. Nyuma ya chumba ninachoshonea kuna chumba kingine kidogo, na humo, kwa miaka kadhaa, wamelala mabinti waliofukuzwa kazi za ndani. Wa kwanza nilimkuta asubuhi kwenye baraza yangu, amekalia mfuko wa nguo zake. Alipofungua mdomo nikajua ni wa kwetu. Mtoto wa bosi wake aliungua na uji, naye binti akatolewa nje saa hiyo hiyo. Nikampa chai, kisha godoro, na baadaye nikamkalisha kwenye cherehani. Wengine wakaja kwa kuambiana. Mji waliujua kuliko mimi. Walichokosa ni pa kulala na ujuzi wa kuwapa kipato.

Nilikuwa na mwenzangu. Tulisoma darasa moja, tukapata kipaimara siku moja. Yeye aliolewa Haydom, akawa anakuja Arusha kununua vitenge vya kuuza, na kila akija analala kwangu. Siku alipowakuta wale mabinti alilia. Alilia kweli, nilimwona.

"Wewe wafundishe," akaniambia. "Atakayetaka kurudi kwao, mimi nitampeleka. Njia ni yangu."

Akawapeleka wawili. Kila mara alirudi na salamu: wazazi wanashukuru, binti anaendelea vizuri. Wa tatu alikuwa binti wa Nangwa, kule chini ya mlima Hanang. Huyo alikuwa na mikono. Kola ya sare ya shule aliipachika ikakaa kama ya dukani. Alitaka akashone kwao. Mama yake hakuwa na simu, kwa hiyo habari zote zilipitia kwa mwenzangu. Walipanda basi wote wawili asubuhi, binti akanipungia dirishani. Safari iliyofuata mwenzangu aliniletea mfuko wa mbaazi. "Mama yake amekutumia," akasema. Nilizipika, nikazila kwa furaha.

Baada ya mavuno nikapata cherehani iliyotumika, bado nzima. Nikaona nimpelekee mwenyewe, nimshtukize. Nilishuka Katesh, nikapanda bodaboda mpaka Nangwa, cherehani nimeipakata. Nikamkuta mama amekaa kwenye turubai uani, anapura maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilipomwambia mimi ni nani na nimetoka Arusha, akainuka haraka, akatazama nyuma yangu kule njiani. "Umemleta?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nimlete nani, mama?"

"Mwanangu. Yule mwanamke wa Haydom alipita hapa, akasema mtoto hataki kurudi, anaona aibu ya kwetu. Nikamwambia amwambie arudi tu, hata bila kitu."

Nikamuuliza kuhusu mbaazi. Akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Mimi sikupanda mbaazi mwaka huu."

Nikakaa palepale kwenye turubai. Nililala kwake.

Kesho yake tulipanda basi la Haydom pamoja na wagonjwa wanaokwenda hospitali na ndugu wanaowasindikiza. Pale stendi niliulizia nyumba ya mwenzangu, nikaelekezwa kwenye gesti. Nilijua anauza vitenge. Gesti hakuwahi kunitajia. Ndugu wa wagonjwa hulala humo, na uani kulikuwa na mashuka mengi kwenye kamba. Katikati ya mashuka hayo nilimwona binti wa Nangwa ameinamia beseni.

Alipomwona mama yake hakukimbia kuja. Alisimama, mikono inachuruzika maji, akasema, "Si ulinikataa?"

Binti akanigeukia mimi. "Dada, si wewe ulimwambia huyu mama wa hapa kwamba nyumbani hawanitaki? Kwamba nikae hapa nifanye kazi, nile, nilale, basi?"

Mwenzangu akatokea mlangoni na ufunguo mkononi. Nilitegemea atakana, au aombe msamaha. Akasema kwa utulivu, "Kwani nimewaua? Nimewapa pa kulala. Si ndivyo unavyofanya wewe?"

Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini neno lile liliingia mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Alikuwa amekula kwangu, amelala kitanda kimoja na mimi, na huruma yangu ndiyo aliyoitumia kama kamba ya kuwafungia.

Binti aliyempeleka mwanzo naye alikuwepo, jikoni, tuliondoka naye. Wa pili alishaondoka mwenyewe, haijulikani kwenda wapi. Nimemuuliza kila mtu wa kwao ninayekutana naye, mpaka leo sijampata.

Nilitoa taarifa polisi. Wazee wa pande zote mbili wakaja kunibembeleza: tumalize kinyumbani, ninyi mmekua pamoja. Nilikataa, na wapo wa ukoo wetu wasionisalimia kwa sababu hiyo. Kesi inakwenda na kurudi. Gesti bado inapokea wageni.

Binti wa Nangwa sasa anashona Katesh. Mama yake anakaa naye siku za gulio, anamshikia kitambaa. Nami bado nina chumba cha nyuma, ila anayetaka kurudi kwao nampeleka mimi, mpaka mlangoni.

Huwa nampigia simu binti wa Nangwa. Anapokea, ananisalimia kwa heshima zote, tunaongea mishono na bei za uzi. Lakini kila nikimwambia nitakuja kumtembelea, anauliza, "Unakuja na nani?"