Matofali ya Kichwani

Baba alikuwa fundi cherehani, mbishi ajabu. Akimaliza kula tu, huyo, kajikunja juu ya cherehani. Kiungulia kikimpanda, anakunywa maji ya magadi, anacheua, anaendelea kushona. Daktari alimwambia asiiname akishiba, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwani. Baba akacheka: "Nilale kama gari kwenye jeki?"

Miaka ikapita. Mwisho hata uji ukawa haupiti kooni. Ndipo akakubali, nasi tukaweka matofali chini ya kitanda. Hakuyalalia sana.

Tulipotoka kumzika, nikayaendea yale matofali kwa hasira, niyatupe nje. Mama akanishika mkono.

"Yaache, mwanangu. Baba yako ameshayazoea."