Nusu ya Baba

Kwetu Uluguru mtoto ni wa mama. Ukoo, au lukolo kama tunavyouita, shamba, hata kaburi, vyote hufuata upande wa mama. Baba hutoa jina tu, analichukua kwenye ukoo wake, na hapo kazi yake imekwisha. Sikuwahi kuona ubaya wa utaratibu huu mpaka binti wa mdogo wangu wa kike alipofariki kule Matombo, kabla hajajua kutembea.

Daktari alikuwa ameshasema ni ugonjwa wa mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli. Mtu mmoja pale wodini akaongeza kwamba mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Ni kweli, na nilimchukia kwa kuusema ukweli huo. Mluguru hahitaji kuelezwa mara mbili jambo la namna hiyo. Msibani likazunguka haraka kuliko chai: lukolo letu limebeba kifo. Mama yangu mwenyewe akaanza kukumbuka vichanga waliozikwa na bibi zake. Mdogo wangu hakubisha. Alikaa mkekani, khanga kaikaza tumboni, akaniambia, "Kaka, mimi sizai tena. Nitaua mwingine."

Mimi nafundisha chuoni, Morogoro mjini, na miaka mingi nimechunguza asili ya vimeng'enya vinavyosaidia kutengeneza protini ndani ya mitokondria. Majirani zangu wa Mafiga hunitania kwamba nalipwa kwa kuangalia vitu visivyoonekana. Waache wanitanie, navipenda. Zamani mno mitokondria ilikuwa bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine, akakaa moja kwa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kadiri vizazi vilivyopita, jeni zake nyingi zikahamia kwenye kiini cha seli ya mwenyeji, akabakiwa na chache. Na vimeng'enya vyangu si vyote vya kwake; vingine ukifuatilia asili yake unafika kwa bakteria wengine kabisa. Ni kama mtaa wetu, kila nyumba na mkoa ilikotoka. Sikufikiri hata siku moja kwamba habari hizi zingenipandisha Matombo kwenye tope la masika.

Daktari alinipigia simu baada ya arobaini. Majibu ya vipimo yalikuwa yametoka: jeni iliyoharibika ni ya kimeng'enya kimojawapo cha aina hiyo hiyo, na imo kwenye kiini, si kwenye mitokondria yenyewe. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikalia kwa hasira. Kesho yake nikapanda mlima.

Nilimkuta shemeji yangu uani akimenya ndizi peke yake, kama mtu aliyekuja kusaidia kwenye msiba wa jirani. Ndivyo alivyokuwa tangu mazishi. Sisi wa lukolo tulichimba na kuzika, yeye alibeba maji. Nikamwita ndani walikokuwa mkewe na mama. Kwetu mjomba ndiye msemaji, basi nikasema.

"Kazi inafanyika kwenye mitokondria, ndiyo, na mitokondria ni za mama. Lakini maelekezo ya kukijenga kile kimeng'enya yako kwenye kiini, na kiini ni nusu ya mama, nusu ya baba. Kila mmoja wenu ana nakala moja nzima na moja mbovu, ndiyo maana hamuumwi. Mtoto alipata mbili mbovu. Moja yako, mdogo wangu. Moja ya mumeo."

"Kwa hiyo siyo lukolo letu?" mama akauliza.

"Siyo lukolo letu peke yake, mama."

"Na nikizaa mwingine?" akauliza mdogo wangu.

"Anaweza kuwa mzima. Anaweza kuumwa pia. Sitakudanganya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima nilimpangia shemeji majibu makali, maana sikutegemea mwanaume akubali kubebeshwa kifo ambacho watu wameshambebesha mkewe. Yeye alikuwa bado ameshika kisu cha ndizi.

"Shemeji, unasema nusu yake ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako."

Akakiweka kisu chini.

"Mimi nilidhani nilimpa jina tu," akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Mdogo wangu akasogea, akampa nafasi mkekani pembeni yake.