Bi Karibu na mtoto wa mama mwingine

Asubuhi bado mbichi. Ukungu umelala uwanjani kama mtu asiyetaka kuamshwa, na shule inaonekana nusunusu: paa huku, dirisha kule, mlingoti usio na bendera. Mwanamke wa makamo anapita kando ya ua, sweta mabegani, chupa ya chai mkononi. Anafika nyumba ya walimu wageni na kugonga mlango taratibu, kwa ncha za vidole.

"Hodi, mwanangu. Umeamkaje?"

Kitasa kinalia. Kijana mrefu anachungulia, nywele timutimu.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shati umeligeuza, ndani ndiyo nje."

Kijana anajitazama, anacheka, anarudi ndani. Mwanamke anaketi kwenye ngazi, anamimina chai vikombe viwili, kisha anasahau kunywa. Macho yake yamekwenda mbali, huko ukungu unakoishia, na hana haraka ya kuyarudisha.

"Wakati huu ndio wangu," anasema baadaye. "Kengele haijalia, hakuna anayeniita. Nawaza tu. Mume wangu husema nikiwaza hivi mtu anaweza kuniibia viatu miguuni."

Shuleni wanamwita Bi Karibu. Ni mwalimu wa jiografia, amefundisha mito ya dunia nzima, na mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake. Kazi yake ya pili ni kuwalea walimu wanaokuja kwa mpango wa kubadilishana: mwalimu mmoja anatoka hapa kwenda ng'ambo, mwingine anatoka huko kuja hapa, mwaka mzima.

Yeye ndiye huwapokea stendi. Huwaonyesha duka la mikate na bomba linalotoa maji mapema, na huwanong'oneza nani asalimiwe kwanza kwenye chumba cha walimu ili siku isiharibike. Kwa miaka kumi na mmoja amewapokea ishirini na watatu. Posho yake hutosha nauli na majani ya chai. "Mke wangu analipwa kwa asante," hutania mumewe, ambaye ni fundi cherehani, "na asante haishoni suruali."

"Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anasema Bi Karibu. "Jembe mimi nampa. Lakini kwanza namwonyesha shamba liko wapi."

Mwaka huu, hata hivyo, kazi imemgusa pabaya. Mwalimu aliyekwenda ng'ambo ni binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu wa shule hii hii. Aliyekuja badala yake ni kijana huyu, ambaye wanafunzi wamembandika jina la Mwalimu Chaki, maana hatoki darasani bila kuwa mweupe hadi nyusi. Na huko ng'ambo, binti anaishi nyumbani kwa mama yake Chaki.

"Yaani tumebadilishana watoto," anasema Bi Karibu, na kucheka. Kicheko hakifiki mbali.

Nyumba ilipwaya ghafla. Kila jioni alipakua sahani tatu, na kila jioni mumewe aliirudisha moja kabatini. Mchana, akiwa darasani ameshika ramani ya dunia, kidole chake kilitua kwenye nchi ile bila kutumwa, wanafunzi wakabaki wanasubiri.

Mkataba wa mpango una sharti moja linalojulikana na kila mtu: mmoja akikatisha, mwenzake naye hurudi. Chaki akiondoka, binti anarudi nyumbani. Bi Karibu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda kama maji mteremkoni. Chaki alifundisha, akigeuka kuuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likiitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Kijana alikuwa akitoka pale anatabasamu peke yake. Kwao, alisema, wanafunzi humbishia mwalimu mpaka kengele inalia. Hawa walielewa kila kitu mara moja!

Ndipo alipowapa mtihani. Kati ya wanafunzi arobaini na wawili, walifaulu watatu.

"Walinidanganya," alimwambia Bi Karibu siku ile, uso umemwiva. "Kila siku wananidanganya, na wanatabasamu. Hawanitaki, mama. Mimi narudi nyumbani."

Alikuwa amekwisha kutoa sanduku chini ya kitanda. Bi Karibu alisimama mlangoni, na anachokumbuka zaidi hajivunii.

"Moyo uliniruka kwa furaha," anasema, akikitazama kikombe chake. "Nisifiche. Niliona binti yangu anashuka stendi. Nilimwona kabisa, na lile koti lake. Nikaingia, nikaanza kumsaidia kijana wa watu kukunja mashati."

Alikunja la kwanza, akakunja la pili. Kwenye la tatu, kola ilikuwa imeshonwa kwa mkono na uzi usiolingana na kitambaa, mishono midogo midogo ya mtu anayeshona polepole.

"Nani kashona hapa?"

"Mama yangu. Usiku wa kuamkia safari. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alikataa nilipeleke kwa fundi."

Bi Karibu aliketi kitandani na shati lile mapajani. Kuna jambo ambalo kila mgeni humwambia siku ya kwanza, hata kabla ya duka la mikate: "ndiyo, mwalimu" ya darasa zima ni adabu tu. Mtoto kumwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba hajaelewa, kwake ni sawa na kumwambia hajui kufundisha. Wageni ishirini na wawili waliambiwa hivyo. Huyu hakuambiwa.

"Nilisahau? Hata leo sijui. Moyo una ujanja wake," anasema. "Ila nilijua mtoto wa mwenzangu anakwenda kwao ameinamisha kichwa, na kosa si lake."

Alimwambia aliache sanduku na amfuate. Waliingia darasani pamoja, naye Bi Karibu akasimama mbele.

"Fumbeni macho, wote. Anayechungulia namwona." Vichwa vikainama juu ya madawati. "Haya. Ambaye somo la hesabu halijamwingia, ainue mkono. Hakuna anayekuona."

Kisha mkono mmoja ulipanda nyuma, polepole, kama unaota. Ukafuata wa pili. Halafu ikawa mikono kila upande, mingine juu kabisa, mingine imeishia sikioni, na nyuso zote zimefumba macho kwa utulivu wa watoto waliolala.

Chaki alisimama kati ya mikono ile, midomo wazi.

"Hawakuwa wanakudanganya, mwanangu," Bi Karibu alimwambia kwa sauti ya chini. "Walikuwa wanakuheshimu. Na mimi ndiye niliyepaswa kukwambia. Unisamehe."

Kijana alichukua chaki, akafuta ubao wote, akaanza upya kutoka somo la kwanza. Jioni sanduku lilirudi chini ya kitanda, na Bi Karibu akaenda nyumbani, akalia jikoni mpaka mumewe akaja kumzimia jiko.

Sasa ni muhula wa pili. Darasa la Chaki hufumba macho kila mwisho wa kipindi, na mikono inazidi kupungua.

Siku chache baada ya mkasa ule, binti alipiga simu. Alikuwa jikoni kwa mama yake Chaki, na mama huyo alikuwa na swali, akaomba atafsiriwe.

"Mama, anasema mwanawe alimwambia anarudi. Akafua mashuka, akatandika kitanda chake. Halafu akaambiwa harudi tena, anabaki huko. Anauliza, ulimwambia nini mwanawe?"

Bi Karibu aliishika simu kwa mikono miwili. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hakuwahi kufikiri wazazi wawili wanaweza kuugawana kupitia simu moja.

"Mwambie anisamehe," alisema. "Mwambie na mimi wangu nilishamtandikia."

Binti alitafsiri. Kisha akamsikia mwanamke asiyemjua akivuta kamasi na kucheka kidogo.

Tangu hapo, mapumziko ya mchana, Bi Karibu ndiye mwanafunzi. Chaki anamfundisha lugha ya kwao kwenye kona ya chumba cha walimu, na walimu wenzake wanamcheka matamshi, naye anawacheka wanaomcheka. Mwaka ukiisha, watoto watabadilishana tena, na yeye amejiwekea ahadi: kabla ya siku hiyo atampigia yule mama mwenyewe, bila mkalimani.

"Sitaki maneno mengi," anasema. "Nataka nimwambie wako ameshiba. Halafu nimuulize kama wangu bado analala na soksi."