Seva Mbili, Dozi Mbili

Hospitalini wanamwita Mama Waya, kwa sababu mahali daktari anaponing'iniza kipimo chake shingoni, yeye huning'iniza waya wa mtandao. Ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta, na kujidharau si ugonjwa wake. Mumewe hutania kwamba nyumba ikiungua, mke wake ataiokoa kompyuta kwanza, kisha aulize baba watoto yuko wapi. Mama Waya hucheka tu, hakanushi.

Safari hii alitakiwa kuchagua programu ya kuziunganisha seva mbili za hospitali, kompyuta kuu zinazotunza rekodi za wagonjwa, zifanye kazi kama moja, ili moja ikianguka mwenzake ashike usukani na wauguzi wodini wasijue kumetokea nini. Programu waliyokuwa nayo ilikuwa imezeeka. Mkurugenzi alitaka toleo jipya la ileile, maana muuzaji wake alikuwa na maneno matamu na aliapa kwamba skrini hazingezimika kamwe.

Mama Waya hakuitaka, na sababu ilikuwa nyumbani kwake. Mdogo wake, muuguzi, alikuwa amesimamishwa kazi kwa kumpa mgonjwa dawa ya moyo mara mbili. Mgonjwa alipona, lakini rekodi ilionyesha kwamba muuguzi mwingine alikwisha kumpa. Mdogo mtu alishikilia kwamba skrini yake ilisema dawa haijatolewa. Sasa alishinda kwa dada yake akifua hata nguo safi, na juzi alisema labda macho yake ndiyo mabovu, bora aache uuguzi. Hilo lilimkata Mama Waya maini. Alipomweleza metroni kwamba huenda mashine ndizo zilizodanganya, alijibiwa kwa upole kwamba damu ni nzito kuliko maji. Akaona maneno hayatamfikisha popote. Akaandaa majaribio.

Akawaita mkurugenzi, metroni na muuzaji, akaweka mgonjwa wa kubuni kwenye kompyuta. Kwanza alizima seva moja. Programu ya muuzaji ilihamia seva ya pili kufumba na kufumbua, mkurugenzi akapiga makofi. Programu nyingine, ya bure, aliyoileta Mama Waya mwenyewe, ambayo haikuwa na muuzaji wala kalamu za zawadi, ilijikongoja kidogo kabla ya kuamka.

"Kufa ni rahisi," Mama Waya alisema. "Mwenzako akifa, unarithi. Kazi ipo pale asipokufa, ila hamsikiani."

Akachomoa waya uliozifanya seva mbili zisikilizane. Programu isiyo na muuzaji ilikuwa na mashine ndogo ya tatu, kazi yake kupiga kura tu, kuamua seva ipi iendelee. Seva iliyokosa kura ilijiweka kando, na skrini ya wodi ikaandika kwamba haiwezi kuthibitisha, muuguzi asubiri. Mkurugenzi akaguna kwamba si unaona, imezimika. Ilipofika zamu ya programu ya muuzaji, hakuna skrini iliyozimika, na muuzaji akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Mama Waya akamwomba muuguzi aliyekuwa chumba cha pili, kwenye skrini ya seva ya pili, aandike kwamba dawa imetolewa. Kisha akamkalisha metroni kwenye skrini ya wodi, inayosoma seva ya kwanza, awe ndiye muuguzi wa zamu. Metroni ni mama makini. Akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma.

"Haijatolewa," alisema. "Saa imefika. Nampa." Akabofya.

Mama Waya akampeleka chumba cha pili. Mgonjwa yuleyule, dawa ileile, imekwisha kutolewa. Kila seva ilidhani mwenzake kafa, ikajifanya mkuu, ikaandika yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikuwa wamekaa juu ya kifua cha mgonjwa. Waya uliporudishwa, rekodi ziliungana, na dozi zote mbili zikatokea kana kwamba muuguzi wa pili alikuwa kipofu.

Muuzaji akaanza kueleza habari za marekebisho. Mkurugenzi akamnyamazisha kwa mkono, akasema watachukua ile inayozimika.

Metroni hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa bado anaitazama skrini.

"Nimesoma mara mbili," alisema, "na bado ningempa."

Mama Waya alikuwa amekwisha kutoa simu ampigie mdogo wake. Metroni akamzuia.

"Nipe namba yake. Mimi ndiye niliyemsimamisha."